Kifaa cha Miguu Mitatu Juu ya Tanki

Maji ya mradi wa Baricho yanapokuja kwa zamu, wakazi wa Gede, pwani ya Kenya, hufungua mifereji ya matanki hata usiku wa manane. Anayepitiwa na usingizi huamka ua umejaa maji. Kengele ya kumwamsha ni rahisi kutengeneza: betri ya sola ya volti 12, buza, nyaya mbili karibu na mdomo wa tanki, na thairista ndogo yenye lango jepesi. Iwe betri peke yake, kamwe isiwe umeme wa 240, kwa kuwa ndani ya thairista hakuna kinachotenga lango na saketi kuu, na nyaya zake zinagusa maji ya kunywa.

Thairista, iliyobuniwa General Electric ya Marekani mwaka 1957, huzuia umeme mpaka lango lake lipewe mkondo kidogo. Ikishafunguka haifungi, hata mkondo wa langoni ukikatika. Ndiyo maana inafaa hapa: wimbi moja likigusa nyaya na kupeleka mkondo langoni, buza italia mpaka mtu aje azime swichi. Thairista kubwa za viwandani huweza kudai miliampea 30 au zaidi langoni. Ndogo kama MCR100-6 na BT169 zimeahidiwa kuwaka kwa mikroampea 200 au pungufu, nazo hupitisha hadi ampea 0.8.

Wepesi huo ndio pia udhaifu wake. Joto la pwani huongeza mkondo unaovuja ndani ya silikoni, unyevu wenye chumvi hupitisha umeme juu ya bodi, na waya mrefu hunasa mshtuko wa friji inapowaka. Kengele hulia tanki likiwa tupu. Dawa ni rezista ya kilo-omu 1 kati ya lango na kathodi (mguu wa upande hasi), na naisisitiza kuliko kitu kingine chochote katika saketi hii.

Lakini rezista hiyo nayo inakula. Lango huwaka karibu na volti 0.7, kwa hiyo rezista peke yake huchukua mikroampea 700. Ukijumlisha na zile 200, maji lazima yalete 900, maana yake ukinzani kati ya nyaya usizidi kama kilo-omu 12. Maji ya kisima cha matumbawe, yenye chumvichumvi, huufikia bila taabu. Maji ya mvua kutoka paani hayana chumvi ya kutosha, na kengele itanyamaza huku tanki likifurika. Kwa tanki la mvua, tanguliza transista ikuze mkondo, au tumia vibati vipana vya chuma kisichoshika kutu, vilivyokaribiana.

Kuhusu buza: baadhi hukatakata mkondo wakati zinalia, na thairista hujizima mkondo ukishuka chini ya miliampea chache. Rezista nyingine ya kilo-omu 1, sambamba na buza, huishikilia kwa miliampea kama 11.