Mpira Unapozeeka: Milango na Springi za Gari la Zamani

Gari aina ya Peugeot 504 lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968. Katika Afrika ya Mashariki lilijipatia sifa ya pekee: lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, liliunganishwa nchini Kenya, na kwa miaka mingi aina yake ndefu yenye safu tatu za viti ilitumika kama teksi ya safari za mbali. Magari hayo sasa ni wazee, lakini mengine yangali yakitembea.

Dereva wa gari la umri huo huwa na malalamiko mawili. La kwanza, vumbi huingia ndani ingawa vioo vyote vimefungwa. La pili, sehemu ya mbele hugonga kila gurudumu linapoingia shimoni, na usukani hutangatanga mikononi. Kwa mtazamo wa haraka hayo ni maradhi mawili yasiyohusiana. Kwa mtazamo wa sayansi, chanzo chake mara nyingi ni kimoja: mpira umezeeka.

KWA NINI MPIRA HUZEEKA?

Molekuli za mpira wa asili ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, iliyojikunjakunja kama nyuzi zilizotatana. Mpira unapovutwa, minyororo hunyooka. Unapoachiliwa, hujikunja tena. Mpira mbichi, hata hivyo, hunata wakati wa joto na kuwa mgumu wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hupoteza udhaifu huo. Salfa huunganisha mnyororo na mnyororo, mithili ya vidaraja vidogo.

Maadui wa mpira ni wengi, lakini watatu ndio wakuu. Wa kwanza ni oksijeni ya hewa, ambayo hukata minyororo na kujenga vidaraja visivyotakiwa, hata mpira ukawa mgumu. Joto huharakisha kazi hiyo. Kwa makadirio ya jumla, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Mlango wa gari jeusi lililoegeshwa juani waweza kufikia nyuzi 60. Hapo mpira huzeeka kwa kasi ipatayo mara nane ya ile ya nyuzi 30 kivulini.

Adui wa pili ni ozoni. Karibu na ardhi, gesi hii ni sehemu chache tu katika sehemu milioni mia moja za hewa, lakini hiyo yatosha. Hushambulia vifungo maradufu vya kaboni vilivyomo katika mnyororo wa mpira wa asili, hasa mpira ukiwa umevutwa. Ndiyo maana nyufa za ozoni hukata mpira kwa kukingama na upande unaovutwa.

Adui wa tatu ni mafuta ya petroli na grisi ya kawaida. Hayo hupenya kati ya minyororo, na mpira huvimba na kulegea.

MIPIRA YA MILANGO

Mpira unaozunguka mlango una kazi moja: kubanwa kati ya mlango na fremu, kisha kusukuma pande zote mbili. Ukiwa mgumu, haujazi tena nafasi hiyo. Upimaji wake ni rahisi. Kipande cha karatasi huwekwa juu ya mpira na mlango ukafungwa juu yake. Karatasi ikivutika bila ukinzani, mahali hapo mpira haubani. Vilevile mpira waweza kupakwa chaki. Mlango ukifungwa na kufunguliwa, alama za chaki katika fremu zitaonyesha mahali unapogusa na mahali usipogusa.

Wako wanaoudhani mpira huu kuwa ni pambo tu. Dhana hiyo ni ya hatari, hasa kwa gari lenye mlango mkubwa wa nyuma. Gari likienda kwa kasi, kanieneo ya hewa nyuma yake hupungua, na hewa huzunguka pale pamoja na vumbi na moshi wa ekzosi. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umechakaa, hewa hiyo huvutwa ndani. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Abiria wa safu ya nyuma huanza kuumwa kichwa na kusinzia, naye hudhani ni uchovu wa safari. Vumbi, basi, ni shahidi: panapopita vumbi, sumu nayo yaweza kupita.

Katika kubadilisha, mpira wa zamani hung'olewa, gundi iliyobaki hukwanguliwa, na kutu husafishwa na kupakwa rangi kabla ya mpira mpya kuwekwa. Mpira mpya haufai kuvutwa wakati wa kuubandika. Ukivutwa utarudi nyuma baadaye na kuacha pengo kwenye kona, na isitoshe, mpira uliovutwa ndio chakula cha ozoni. Mpira wa sintetiki uitwao EPDM hufaa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa mnyororo wake mkuu hauna vifungo maradufu vya kushambuliwa. Matundu madogo yaliyo chini ya mlango yasizibwe, kwani ndiyo njia ya maji ya mvua kutoka.

SEHEMU ZA MBELE

Mbele ya Peugeot 504, kila gurudumu hubebwa na mhimili wa wima ambamo springi na kifyonza-mshtuko, kile ambacho mafundi hukiita shokapu, vimewekwa pamoja. Muundo huo hujulikana kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeubuni katika miaka ya 1940. Chini yake mna mkono wa chuma unaoliunganisha gurudumu na fremu ya gari. Upande wa fremu, mkono huo hushikwa na bushi za mpira. Upande wa gurudumu hushikwa na boljointi, yaani tufe la chuma ndani ya kikombe, mfano wa kiungo cha nyonga.

Boljointi ni chuma, lakini uhai wake hutegemea kifuko kidogo cha mpira kinachohifadhi grisi. Kifuko kikipasuka, mchanga huingia. Chembe za kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikichanganyika na grisi husaga tufe na kikombe kama msasa. Mwisho wake ni tufe kuchomoka, na gurudumu kulala ubavuni gari likiwa mwendoni. Hivyo kipande cha mpira kisichojaa kiganja chaweza kuamua salama ya abiria wote.

Bushi ina siri yake. Mpira wake umegandamana na bomba la chuma la ndani na la nje. Mkono unapopanda na kushuka, mpira hujipinda bila kuteleza. Kwa hiyo boliti ya bushi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mkono huwa umening'inia. Gari likishushwa, bushi hubaki imejipinda mchana na usiku, na hupasuka mapema. Fundi asiyelijua jambo hili huilaumu bushi, kumbe kosa ni la spana yake.

NGUVU ILIYOFICHIKA

Hatari kubwa katika kazi hii imo ndani ya springi. Nishati ya springi iliyobanwa ni nusu ya kigezo chake kuzidishwa kwa mraba wa umbali uliobanwa. Chukuliwe mfano wa springi yenye kigezo cha nyutoni 20,000 kwa mita, iliyobanwa kwa mita 0.15. Nishati yake ni jouli 225, sawa na jiwe la kilo 10 lililoanguka kutoka urefu wa mita 2.3. Nati ya juu ya mhimili ikifunguliwa kabla springi haijashikwa kwa vibano vyake maalumu, nishati hiyo yote hutoka kwa mara moja, na inaweza kuua. Kadhalika, mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kazi ikimalizika, uelekeo wa magurudumu hupimwa upya. Gurudumu lililokengeuka kwa digrii moja tu huburutwa kando kiasi cha mita 17 katika kila kilomita, kwa maana saini ya digrii moja ni 0.0175. Tairi huisha kabla ya wakati wake.

JARIBIO LA DARASANI

Wanafunzi wachukue mikanda minne ya mpira iliyo sawa. Miwili ifungwe kwenye vibao ikiwa imevutwa, na miwili iachwe bila kuvutwa. Mmoja wa kila aina uwekwe nje juani, na mwingine ndani ya kabati lenye giza. Ichunguzwe kwa lenzi kila wiki kwa muda wa wiki nne. Nyufa zitaonekana wapi kwanza, nazo zitaelekea upande gani? Darasa litakalojibu maswali hayo litajua pia mahali pa kutazama kabla ya kupanda gari la zamani kwa safari ndefu.