Waya za Meno na Kalenda ya Shamba

Ushauri anaopewa mtu aliyefungwa waya za meno unafanana karibu dunia nzima: asile karameli, asitafune bisi, na ajihadhari na peremende za sikukuu. Nchini Marekani, chama cha madaktari wa kupanga meno kimeufanya Oktoba kuwa mwezi wa afya ya meno yenye waya, kwa kuwa mwisho wa mwezi huo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakigawiwa pipi za Halloween. Ukiuleta ushauri huo katika kata ya Mabawe, wilayani Ngara mkoani Kagera, sayansi yake inabaki sahihi lakini majira yake hayalingani na ya huku. Huku Oktoba ni mwezi wa kupanda. Mahindi ya kuchoma, miwa na maembe vina wakati wake, na wakati huo huamuliwa na mvua. Kwa hiyo anayevaa waya Ngara au Biharamulo anahitaji, zaidi ya orodha ya vyakula vilivyokatazwa, kalenda inayokwenda na mavuno na likizo za shule.

Tuanze na kinachotokea kinywani. Vibati vidogo viitwavyo braketi hugandishwa kwenye uso wa jino kwa gundi maalumu, kisha waya hupitishwa ndani yake kama uzi katika shanga. Waya husukuma jino polepole. Upande unaokandamizwa, seli za mwili huyeyusha mfupa. Upande wa pili hujenga mfupa mpya, na jino husogea kwa takriban milimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana tiba huchukua mwaka mmoja na nusu, miaka miwili au zaidi. Kwa kuwa Ngara hulima mahindi ya vuli na ya masika, muda huo unatosha kupitia misimu mitatu au minne ya mavuno. Wakati wote huo kila braketi huacha kona ambazo ulimi haufiki na mate hayapiti vizuri, na humo hutuama ukoga, yaani utando laini wa bakteria. Bakteria hao hula sukari na kutoa asidi, na asidi huchota madini kutoka kwenye enameli, tabaka gumu la nje la jino. Alama yake ya kwanza ni doa jeupe kama chaki kandokando ya braketi, na doa hilo linaweza kujitokeza ndani ya wiki nne tu.

Wiki nne hizo zina maana kubwa. Mgonjwa wa kupanga meno kwa kawaida huitwa kliniki kila baada ya wiki nne hadi nane. Maana yake hata aliye jirani na hospitali anaweza kupata madoa kabla daktari hajamwona tena. Mabingwa wa fani hii Tanzania ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ngara. Mwanafunzi anayesoma mjini, akafungiwa waya huko, hurudi nyumbani likizo ya Juni na ya Desemba, na akiwa kijijini hana pa kukimbilia braketi ikibanduka. Desemba na Januari ndipo mahindi mabichi ya vuli hukomaa na maembe huanza kuiva, katikati yake zikiwa Krismasi na Mwaka Mpya. Kwake hii ndiyo miezi ya hatari: kinga ya daktari iko mbali na vishawishi vimejaa ua mzima.

Hata hivyo, wingi wa vyakula vitamu si kipimo kizuri cha hatari. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, Robert Stephan, alipima asidi ya ukoga na kuonyesha kwamba huongezeka dakika chache baada ya sukari kuingia kinywani, kisha mate huipoza taratibu kwa nusu saa hadi saa nzima. Kati ya 1945 na 1955, katika hospitali ya Vipeholm nchini Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna tofauti bila ridhaa yao. Jaribio hilo linalaaniwa hadi leo, lakini matokeo yake hayajafutika: sukari iliyoliwa pamoja na mlo iliongeza meno kutoboka kidogo tu, ilhali peremende za kunata zilizoliwa kati ya milo ziliyaharibu vibaya. Kwa hiyo kijana anayekula embe zima baada ya chakula cha mchana huyapa meno pigo moja la asidi. Anayetafuna vipande vya muwa tangu saa nane hadi magharibi huwapa bakteria sukari mfululizo, na mate hayapati nafasi ya kurudisha madini.

Muwa na mhindi vina hatari nyingine isiyohusu sukari. Anayemenya muwa kwa meno hung'ata ganda kwa meno ya mbele, kisha hulivuta kwa kupinda shingo. Nguvu hiyo huibana braketi kwa ubavu, ambako gundi yake ni dhaifu zaidi. Mhindi wa kuchoma hufanya vivyo hivyo pale meno ya mbele yanapochimba punje kwenye gunzi. Dawa yake haihitaji kuacha chakula. Mhindi upukuchuliwe kwa kidole gumba au kwa kisu, punje zitafunwe kwa magego. Muwa umenywe kwa kisu na kukatwa vipande vyembamba, uliwe mara moja baada ya mlo. Senene, wanaotoka Bukoba na Muleba hasa Novemba na Desemba, hawana sukari ya kuogopesha, lakini miguu na mabawa yasiyonyofolewa vizuri hunasa kwenye waya. Siku mbili tatu za maumivu baada ya waya kukazwa, Kagera ina vyakula laini vya kutosha: bitoke, maharage yaliyoiva vizuri na parachichi.

Wapo watakaosema kwamba babu zetu walitafuna miwa na kufa na meno yao yote. Kutafuna muwa huchochea mate, na mate ni kinga. Lakini wazee hao hawakuwa na soda na biskuti za kila siku, wala braketi zilizozuia mate kufika pembeni mwa jino. Wengine hudai kwamba utamu wa asili, kama asali ya misitu ya Biharamulo au juisi ya ndizi mbivu, hauna madhara. Bakteria hawaulizi sukari imetoka mzingani au kiwandani.

Pingamizi zito zaidi ni la maji na vifaa: kiangazi maji huwa ya kubeba kichwani, na brashi maalumu za kati ya meno hazipatikani kila duka. Hapa sayansi inampunguzia mtu mzigo. Baada ya kupiga mswaki inashauriwa kutema povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki juu ya meno; hivyo maji ya kikombe kimoja yanatosha. Dawa ya meno yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni ni muhimu kiasi kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Mswaki wa mti husafisha vizuri uso wa jino lisilo na waya, ila nyuzi zake haziingii chini ya waya. Mswaki wa mtoto, wenye kichwa kidogo, unaingia: juu ya braketi ukielekezwa chini, kisha chini yake ukielekezwa juu.

Mwingine atauliza kama waya si urembo wa watu wa mjini. Kwa wengine ni urembo. Lakini watafiti wa Tanzania wameeleza tangu miaka ya 1990 desturi ya kuwang'oa watoto wachanga vijimeno vinavyoitwa meno ya plastiki, kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuharisha. Baadhi yao hukua wakiwa na meno ya chonge yaliyoharibika au yasiyoota kabisa, na mpangilio wa kinywa huvurugika. Kuwaita hao wapenda urembo ni kuwaonea.

Likizo zinajulikana mapema, na msimu wa mavuno haubadiliki sana. Miadi ya kukagua waya ipangwe wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa Juni na Desemba, ili braketi iliyolegea igandishwe kabla ya safari. Mzazi aulizwe analima nini, na kijana aelekezwe namna ya kula kilichopo shambani kwao, kwa sababu katazo la jumla huvunjwa siku ya kwanza mahindi yanapowekwa motoni. Hayo yote hayaongezi gharama ya tiba. Yanamtaka tu daktari aijue kalenda ya mkulima.