Moyo Unapokimbia kwa Kuzunguka

Mama mmoja wa makamo aliletwa kwetu na binti yake Jumapili, mara baada ya Misa. Moyo ulianza kumwenda mbio Jumamosi jioni akichambua mchele. Nyumbani wakasema ni uchovu, alale. Akalala, akaamka, mbio ni zile zile. Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo 150 kwa dakika. Baada ya nusu saa kitandani, 150. Hapo nikamwita daktari, maana moyo ulioshtuliwa na hofu hupungua mbio mtu anapotulia. Huu haukushuka hata pigo moja.

Ndugu msomaji, moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Juu, upande wa kulia, pana mahali panapotoa cheche ndogo ya umeme, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu mzima akipumzika. Cheche husambaa vyumba vya juu, hupita njia moja ya katikati kwenda chini, moyo hupiga, nayo huzimika.

Katika ugonjwa uitwao flata ya atiria, cheche haizimiki. Mara nyingi huanza na pigo lililowahi kabla ya zamu yake. Upande mmoja linakuta nyama ya moyo bado imechoka, haipitishi umeme. Linapita upande wa pili, likizunguka vali iliyo kati ya vyumba vya kulia. Linaporudi, pale palipochoka pamekwisha kupumzika, basi linapita tena. Ni kama moto wa nyasi unaozunguka kichuguu, na nyuma yake nyasi zinaota kabla haujarudi. Utazimwa na nini?

Mzunguko huo hufika kama mara 300 kwa dakika. Ile njia ya katikati ni bawabu. Mara nyingi hupitisha cheche moja katika kila mbili. Ndiyo ile 150 ya mama yetu.

Vyumba vya juu vikitetemeka hivyo, damu hutuama na huweza kuganda. Bonge likipanda kwenye ubongo, ni kiharusi. Wanaopatwa zaidi ni wazee, wenye shinikizo la damu, magonjwa ya mapafu au tezi ya shingo, wanywaji wa kupindukia, na wale ambao vali zao ziliharibiwa utotoni na homa ya rumatiki. (Akina mama, mafindofindo ya mtoto msiyaache yapone yenyewe!)

Daktari hutoa dawa za kumtuliza bawabu na za kuzuia damu kuganda, au hukata mzunguko kwa shoti ya umeme, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Katika hospitali kubwa zenye vifaa, waya hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, ukaunguza ukanda mwembamba kando ya vali, kama wakulima wanavyofyeka mkanda wa kuzuia moto.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Yakizidi 120 umepumzika na hayashuki, njoo siku hiyo hiyo. Ukiona kizunguzungu cha kuanguka, maumivu ya kifua au pumzi kukatika, usingoje kuhesabu. Na dawa ya moyo ya jirani usiimeze.