Tangi Kubwa, Samaki Wachache: Chujio Lipi Lifaalo Ufipa?

Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, umejaaliwa maji pande mbili. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, ambalo ni la pili duniani kwa kina. Mashariki liko Ziwa Rukwa, ambalo maji yake ni ya kina kifupi. Baina ya maziwa hayo umeinuka uwanda wa Ufipa, na juu yake, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, umekaa mji wa Sumbawanga.

Katika mawe ya fukwe za Kasanga na Kipili wanaishi samaki wadogo wa jamaa ya perege. Ziwa zima lina aina zao zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Wako walelea watoto wao kinywani, na wako wafanyao makao ndani ya makombe matupu ya konokono. Kwa miaka mingi samaki wa ziwa hilo wamekuwa wakisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kuwa mapambo. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa Ujerumani aweza kuwatazama nyumbani kwao kila jioni, ilhali mwanafunzi wa Sumbawanga, aliye jirani yao, aghalabu huwajua tu mgebuka na dagaa waliokwisha kufika sahanini.

Tangi la kioo katika shule au katika ukumbi wa ofisi ya umma laweza kuiondoa kasoro hiyo. Lakini tangi lililowekwa bila elimu hugeuka kaburi, na kila samaki afaye humo huenda mahali pake pakajazwa na mwingine atakayetolewa ziwani. Kwa hiyo suala la chujio si suala la anasa. Ni suala la kuitunza amana ya taifa.

Tuchukue mfano wa tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Likijaa huchukua lita 720, na maji peke yake hupita uzito wa kilo 700; hivyo meza yake haina budi kuwa imara. Tuseme humo wamewekwa samaki wadogo 12 tu. Huo ndio mpango mwema, kwa sababu wingi wa maji ni akiba. Joto halibadiliki kwa ghafla, uchafu huzimuliwa, na mtunzaji hupata muda wa kurekebisha mambo kabla ya maafa.

Wengi hudhani kazi ya chujio ni kuyafanya maji yang'ae. La hasha! Maji yaweza kung'aa kama lulu na huku yakiua. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi juu ya sponji, mchanga na mawe huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6, au zaidi, kustawi katika tangi jipya. Atakayeingiza samaki wote siku ya uzinduzi, ili wageni wapige makofi, atawazika kabla ya mwezi kwisha.

Fauka ya hayo, maji ya Ziwa Tanganyika yana kipimo cha pH kikaribiacho 9. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na amonia ya namna iliyo kali chini ya sehemu 1 kwa 100 ya amonia yote iliyomo. Katika pH 9 sehemu hiyo hupita theluthi. Kwa samaki hawa, basi, kosa dogo huadhibiwa vikali.

Je, dawa ni kununua mtambo mkubwa kuliko yote dukani? Hapana. Bakteria huongezeka kwa kadiri ya chakula wakipatacho. Samaki wakiwa 12, chakula hicho ni kidogo, na mtambo mkubwa utabaki mtupu. Kuyazungusha maji yote mara 2 au 3 kwa saa kwatosha. Kinachohitajiwa zaidi Ufipa ni hewa. Katika mwinuko wa Sumbawanga, maji yenye joto sawa hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji yaliyo pwani, na bakteria wa chujio huihitaji oksijeni hiyo kama samaki wenyewe.

Liko pia tatizo la umeme kukatika. Chujio la mkebe uliofungwa, umeme ukikoma kwa saa kadhaa, hukosa hewa na bakteria wake hufa. Umeme ukirejea, uozo wote husukumwa tangini. Chujio la chini ya changarawe nalo halifai, maana samaki hawa hupenda kuchimba. Kinachofaa ni machujio mawili makubwa ya sponji, moja kila upande, kila moja na pampu yake ndogo ya hewa. Mapovu yapandapo huvuta maji kupita katika sponji, na yakipasuka huchanganya maji na hewa. Pampu moja ikiharibika, ya pili huendelea. Na pampu hizo hutumia umeme mchache hata betri ndogo huweza kuziendesha usiku kucha.

Hapa ndugu zetu wa visiwani wana bahati yao. Maji ya visima vingi vya Unguja hupita katika miamba ya matumbawe na kubeba chokaa, kama ushuhudiavyo ukoko mweupe ndani ya birika. Samaki wa Tanganyika hupenda maji ya namna hiyo. Miamba ya Ufipa ni ya kale na ya aina nyingine, na maji yake aghalabu ni laini. Mfuko mdogo wa makombe ya pwani yaliyosagwa, yakaoshwa mpaka chumvi ikatoka, ukiwekwa penye mkondo wa maji, husaidia kuirejesha chokaa hiyo. Matumbawe hai yasiguswe.

Viongozi watakaoletewa hati za kuidhinisha ununuzi wa tangi na waulize maswali matatu. Umeme ukikatika, chujio litaishije? Nani, kwa jina, atabadilisha sehemu ya maji kila wiki, na kuisuuza sponji kwa maji ya tangi, si ya bomba yenye klorini iuayo bakteria? Na je, tangi litakaa wiki 6 bila umati wa samaki? Pasipo majibu, fedha za wananchi zisitoke. Yakiwapo majibu, na tangi liwekwe, ili watoto wa Ufipa wawajue majirani zao wa ziwani wakiwa hai.