Ni Nani Jamaa ya Mgonjwa?

Tuseme, msomaji mpenzi, mtu unayeishi naye nyumba moja amepata ajali barabarani. Unakimbia hospitalini ukitweta. Mlangoni unaulizwa: "Wewe ni nani wake?" Ukiwa mume au mke, jibu unalo. Je, ikiwa jibu lako ndilo siri uliyoificha miaka yote?

Hayo ndiyo yaliyomkuta Karen Thompson, mwalimu wa elimu ya viungo katika chuo kikuu mjini St. Cloud, jimbo la Minnesota, Marekani. Jumapili ya Novemba 13, 1983, dereva mlevi aligonga gari la Sharon Kowalski, naye pia mwalimu, aliyekuwa na umri wa miaka 27. Mtoto wa ndugu yake aliyekuwa ndani alifariki. Sharon alinusurika, lakini ubongo wake uliumia vibaya, asiweze kutembea wala kusema.

Karen na Sharon walikuwa wapenzi. Walikuwa wamevishana pete, na katika karatasi za bima kila mmoja alimwandika mwenzake. Miaka minne waliishi hivyo, na wazazi wa Sharon hawakuambiwa lolote. (Kiswahili kina neno la wanawake wa namna hii, lakini limezoea kutumiwa kama tusi, kwa hivyo naliacha liliko.) Usishangae kwamba walificha. Mwalimu angeweza kupoteza kazi, na wanawake wengi kama wao walikuwa marafiki mbele za watu, wapenzi mlango ukishafungwa.

Karen alipoona mambo yanazidi, aliwaandikia wazazi barua akaeleza ukweli. Hawakukubali. Mwaka 1984 babake Sharon, Mzee Donald, alifanywa mlezi wake kisheria. Mwaka 1985 alipewa mamlaka yote, akamhamishia Sharon katika makao ya kuuguza wagonjwa mjini Hibbing, na Karen akapigwa marufuku kumwona. Tusiwe wepesi wa kumlaani mzee huyo. Alikuwa amempoteza binti aliyemjua, na sasa mgeni anamwambia kwamba hata huyo hakumjua. Lakini marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka mitatu, na Sharon mwenyewe hakuulizwa anataka nini.

Na angeweza kujibu! Alikuwa akijieleza kwa kupiga taipu, herufi moja moja.

Hapo ndipo wanawake wenzao walipojitokeza. Kamati za kumtetea Sharon zilizuka katika miji mingi, magazeti madogo ya wanawake yakafuatilia kesi hatua kwa hatua, na watetezi wa walemavu wakaungana nao. Karen, aliyekuwa mtu wa kujificha, alizunguka nchi nzima akihutubia na kuchanga pesa za mawakili. Kila alikokwenda aliwahimiza watu: andikeni hati za uwakilishi leo, mkiwa wazima, mtaje nani atawaamulia mkilazwa. Wanaume waliokuwa wakiuguza wapenzi wao wenye UKIMWI walimwelewa bila kufafanuliwa, maana mlango ule ule uliwafungiwa wao pia.

Hatimaye mahakama iliagiza Sharon apimwe na wataalamu mjini Duluth, na mapema mwaka 1989 wawili hao wakaonana tena. Kila alipoulizwa, Sharon alisema anataka kukaa na Karen. Hata hivyo, Aprili 1991, baada ya babake kujiuzulu, hakimu alimpa ulezi mtu wa tatu, rafiki wa familia, eti ndiye asiyeegemea upande. Mahakama ya Rufaa ya Minnesota ilitengua uamuzi huo Desemba 17, 1991. Ilisema Sharon ana uwezo wa kueleza anachotaka, na kwamba wanawake hao wawili ni familia inayostahili heshima.

Karen alikwisha kujenga nyumba inayopitika kwa kiti cha magurudumu. Katika miaka ile ya upweke alikuwa amepata mwenzi mwingine, na huyo mwenzi akakubali: Sharon akaja, wakaishi watatu, wawili wakimtunza mmoja. Ndoa ya wanawake wawili iliruhusiwa Minnesota mwaka 2013, miaka 30 baada ya ajali.