Hodi ya Torino

Nilipofika Torino kumtunza bibi wa miaka 86, neno la kwanza lililoniingia kichwani lilikuwa "permesso". Fundi wa bomba alikuja asubuhi. Bibi alikwisha mfungulia mlango, lakini yule bwana akasimama kizingitini akauliza, "Permesso?" Bibi akaitikia, "Avanti!" Ndipo fundi akaingia. Mimi mtoto wa Tanga nikaijua hapohapo: hodi na karibu. Tofauti ni kwamba kwetu hodi hutangulia mlango kufunguliwa, na wao huipiga mlango ukiwa wazi tayari. Hata ndani ya basi, anayetaka kupita husema "permesso", na watu humpisha.

Neno hilohilo ndilo linalomnyima mgeni usingizi. Permesso di soggiorno ni kibali cha kuishi. Atokaye nje ya Umoja wa Ulaya akija kufanya kazi ana siku 8 za kazi, tangu aingie nchini, kukiomba. Fomu huchukuliwa posta, ndani ya bahasha yenye mstari wa njano. Stempu ya ushuru ya yuro 16 niliinunua kwa muuza sigara, kwenye duka lenye kibao cha herufi T, wanakouza pia tiketi za basi. Ukikabidhi bahasha unapewa risiti. Itunze kama mboni ya jicho, kwa maana ndiyo utakayotembea nayo mpaka uchukuliwe alama za vidole polisi na kadi itoke, na hayo huweza kuchukua miezi.

Kuna pia namba ya kodi, codice fiscale, yenye herufi na tarakimu 16. Bila hiyo hupati mkataba wa kazi wala daktari. Inatokana na jina lako, tarehe na mahali ulipozaliwa. Mimi nimezaliwa tarehe 9, lakini yangu inasomeka 49. Nilikwenda kulalamika kuwa wamekosea, nikaelezwa kuwa mwanamke huongezewa 40 kwenye siku yake ya kuzaliwa.

Makaratasi hayo yana mwisho. Adabu ndiyo inayokuweka mjini. Mtu mzima usiyemzoea haambiwi "tu", yaani wewe. Unamwambia "Lei", na kitenzi kinabadilika. Mwezi mzima nilimwita bibi "tu" bila kujua, naye hakunikaripia. Nilipojua niliona haya, kama niliyempita mzee njiani bila shikamoo. Dukani vilevile: ukiingia sema "buongiorno" kwanza, kisha ndipo uulize bei.

Sisi watunza wazee, wanaotuita badante, wengi tunaoishi kwa waajiri hupumzika Alhamisi mchana na Jumapili. Alhamisi yangu huanzia baa. Baa ya huku ni mahali pa kahawa kabla ya kitu kingine: unainywa umesimama kaunta, mafunda mawili matatu, unasalimiana na jirani, unaondoka. Kahawa ya maziwa wao huinywa asubuhi. Baada ya chakula cha mchana hawaiagizi. Jumamosi nikipewa ruhusa hukimbilia soko la Porta Palazzo, kwa kuwa siku hiyo liko wazi hadi jioni. Nikipata bamia na muhogo, najua Jumapili nitakula chakula cha kwetu. Agosti usitegemee duka la mtaani. Kuelekea sikukuu ya tarehe 15, milango mingi hubandikwa karatasi: "chiuso per ferie", tumefunga kwa likizo.

Nilipoomba kuandikishwa kuwa mkazi wa mji, niliambiwa askari wa manispaa atakuja kuhakikisha kama kweli naishi hapo. Siku nyingi nilikuwa nikishtuka kila kengele ilipolia. Akaja, kijana mwenye faili mkononi. Nikamfungulia. Akasimama kizingitini.

"Permesso?"

Nikageuka kumtazama bibi ajibu. Alikuwa kitini pake, ananitazama mimi, kanyamaza.

"Avanti," nikasema.