Mwendo wa Mwindaji: Istilahi za Kujipimia Mwendo Porini

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo wasemaji wa Kiswahili huzieleza kila siku, lakini ambazo hazijaandikiwa istilahi za kutosha, ni kazi ya kutembea porini kwa miguu, kumtafuta mnyama na kumkaribia. Wanaoifanya si wawindaji wenye leseni peke yao. Askari wa wanyamapori wa vijiji, ambao baadhi yao hufunzwa katika chuo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo, hutembea vivyo hivyo. Hali kadhalika watafiti wanaohesabu wanyama na viongozi wa watalii. Wote hawa wanahitaji ujuzi mmoja: kujua ni wakati gani waende upesi, ni wakati gani waende taratibu, na ni wakati gani wasiende kabisa.

Ujuzi huo tuuiteje? Mwandishi wa makala haya alianza na tafsiri ya mezani, yaani "udhibiti wa kasi". Baadaye alipanda kwa miguu kutoka ufukoni mwa Ziwa Nyasa kuelekea milima ya Umatengo, na aliporudi aliifuta tafsiri hiyo. Makala haya yanaeleza kwa nini aliifuta, na yanapendekeza maneno machache kwa wasomaji wayapime.

Neno lilivyopatikana mlimani

Wilaya ya Mbinga, pamoja na Wilaya ya Nyasa iliyotengwa nayo mwaka 2012, ina sura mbili. Chini kuna mwambao wa ziwa, wenye Liuli, Mbamba Bay na Lituhi, ambako uso wa maji uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Juu kuna nchi ya Wamatengo, inayozidi mita 1,300 mahali pengi, ambako wakulima hulima mashamba ya ngoro katika miteremko mikali. Kati ya sehemu hizo mbili ardhi hupanda kwa nguvu, na humo ndimo mgeni ajifunzapo kutembea.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo hata leo inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, mtu atokaye ziwani hadi kwenye kimo cha mita 1,300 ataongeza takriban saa moja na dakika 20 kwa ajili ya mlima pekee, mbali na urefu wa njia. Mwandishi alikuwa akiijua hesabu hiyo kwa kuisoma, lakini miguu yake ilikuwa haijaisoma. Alianza kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, na jua lilipopanda alikuwa ameketi juu ya jiwe, akitweta, magoti yakimtetemeka.

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia shamba kando ya njia aliamkiwa kwa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza, "Unakimbilia wapi, mwanangu? Mlima hauhami." Alipoambiwa safari yenyewe, alitikisa kichwa akasema, "Basi jipimie. Pumzi ukiimaliza huku chini, huko juu utapandia nini?"

Neno lenyewe likawa limepatikana. "Kudhibiti" ni kuzuia kitu kisipite mpaka. Ni neno zuri kwa dereva na mtambo wake. "Kujipimia" ni jambo jingine. Mama mwenye unga wa kibaba kimoja na siku tatu za kuungoja mwingine hajizuii kula, bali hujipimia: leo kiasi hiki, kesho kiasi hiki. Anaangalia kilichomo mkobani na kilichobaki mbele yake. Mtembeaji naye ana akiba ya pumzi, maji na mwanga wa mchana, na hana budi kuigawa hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "kujipimia mwendo".

Kujipimia si kwenda polepole tu

Ni rahisi kudhani kwamba neno hili ni jina jipya la methali zetu za zamani. Tunaambiwa kwamba mwenda pole hajikwai, na kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Methali hizo ni za kweli, lakini hazitoshi kuwa maana ya istilahi hii, na mazingira ya mwambao wa Nyasa yanaonyesha sababu.

Mchana, jua linapoupasha joto mteremko, hewa hupanda kutoka ziwani kwenda mlimani. Usiku mteremko hupoa, nayo hewa hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani. Mtu apandaye alfajiri hupata upepo usoni, na harufu yake hubaki nyuma. Lakini akichelewa hadi jua likolee, upepo humgeukia na kumpiga kisogoni. Harufu ya jasho lake hutangulia mbele, na wanyama walioko juu hupata habari zake kabla hajafika. Aliyekwenda polepole mno amekosa, sawasawa na aliyekwenda mbio akafika juu ameloa jasho, akihema kwa kishindo, mikono ikimtetemeka.

Hivyo anayejipimia huondoka mapema kungali giza, huenda kwa mwendo thabiti asioweza kuchoka nao, na hupunguza mwendo huo mahali kazi inapoanzia. Kipimo chepesi cha mwendo thabiti ni kauli yake mwenyewe: mtu akiweza kutamka sentensi nzima bila kukatisha kwa ajili ya pumzi, mwendo unamfaa, akishindwa, amezidisha. Ikiwa upepo umekwisha kugeuka, huzunguka kwa ubavuni mwa mlima hadi awe juu ya mahali anapopakusudia, kisha hushuka. Mzunguko huo nao sharti uwe umehesabiwa katika akiba yake.

Kuhusu upepo, lugha yetu ina hazina iliyosahauliwa nchi kavu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi huuita upande upepo utokako "upande wa joshi", na upande upepo uendako "upande wa demani". Hakuna sababu ya kuwaachia wenye majahazi peke yao maneno haya. Badala ya kueleza kwa maneno mengi kwamba mtembeaji awe mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama na kuja kwake, tuseme kwa ufupi: awe upande wa demani wa mnyama.

Miendo mitatu

Mtembeaji wa porini ana miendo mitatu, na kila mmoja unastahili jina lake.

Wa kwanza ni "mwendo wa safari", yaani ule wa kufika mahali pa kazi. Kipimo chake ni pumzi, kama tulivyokwisha kueleza.

Wa pili ni mwendo wa kutafuta habari za pori: nyayo, vinyesi, majani yaliyokatwa kwa meno, malalo na mapito ya kwenda majini. Wengine huuita upelelezi, lakini siku hizi neno hilo limeelemea upande wa polisi na makosa ya jinai. Wengine huuita doria. Doria ni kulinda, na mlinzi hutembea ili aonekane. Tunapendekeza "kuvinjari", neno la zamani lenye maana ya kuzungukazunguka kwa ajili ya kuangalia na kupata habari. Vijana wanalijua kwa kuvinjari mtandaoni. Si vibaya wakijua kwamba hata porini lina kazi.

Wa tatu ni mwendo wa kumkaribia mnyama aliyekwisha kuonekana. Hapa Kiswahili kina utajiri: kunyata, kunyapa, kunyatia, kunyemelea. Tunapendekeza "kunyata" kwa namna ya kutembea bila kishindo, na "kunyatia" kwa kutembea hivyo kumwelekea mnyama maalumu. Kiambishi cha kutendea ndicho kinachobeba tofauti hiyo.

Katika miendo hii miwili ya mwisho, sehemu kubwa ya kazi ni kusimama. Wanyama wa jamii ya swala huona kwa upana, kwa kuwa macho yao yako pembeni mwa kichwa. Nao hutambua upesi zaidi kitu kinachojongea kuliko kitu kilichotulia. Tena, hatua za binadamu zinazofuatana bila kukatika ni sauti isiyofanana na ya mnyama anayekula, ambaye huenda kidogo, husimama, kisha huenda tena. Mtembeaji hodari naye hupiga hatua tatu au nne, akasimama kando ya mti, akatazama na kusikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyotembea. Kusimama huku si kupumzika, kwani macho na masikio ndiyo yanayofanya kazi. Tunapendekeza "msito", kutokana na kitenzi "sita", kwa njia ile ile iliyotupatia "msemo" kutokana na "sema" na "mchezo" kutokana na "cheza".

Mnyama mwenyewe

Vitabu vya kigeni vinavyofundisha mwendo huu huzungumzia mnyama wa Ulaya, Asia na Marekani ambaye pembe zake huanguka kila mwaka na kuota upya. Watafsiri wetu wamemwita paa, kulungu au swala, kila mmoja kwa hiari yake. Yafaa tuwe waangalifu. Kusini mwa Sahara hakuna mnyama wa asili wa jamii hiyo. Paa, kulungu na swala wana pembe zisizoanguka, na ni wa jamii moja na ng'ombe na mbuzi. Katika Zaburi, watafsiri wa Biblia walitumia "ayala", neno lenye jamaa zake katika Kiebrania na Kiarabu. Tunapendekeza ayala aendelee kuwa mnyama huyo wa ng'ambo.

Lakini katika mafunzo yetu hatuna haja ya ayala. Mfano ufaao ni mbawala, ambaye sehemu nyingine huitwa pongo au kulungu. Hukaa peke yake au wawili wawili kwenye vichaka vilivyo karibu na maji, hutoka alfajiri na jioni, na akishtuka hutoa sauti kama mbwa abwekaye. Yeyote anayeweza kumkaribia mbawala bila kuisikia sauti hiyo amejua kujipimia mwendo.

Kunyatia na kuvizia

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tujisumbue na tofauti ndogo ndogo za maneno? Jibu liko katika jozi moja ya vitenzi. Katika mazungumzo ya kawaida watu hubadilishana "kunyatia" na "kuvizia" kama kwamba ni kitu kimoja. Anayenyatia anakwenda. Anayevizia amejificha mahali pamoja na kungoja. Sasa tuchukue kikosi cha askari wawili wa kijiji walioingia kwenye nyasi ndefu wakiwa na bunduki. Kiongozi anamwambia mwenzake, "Wewe uvizie pale." Mwenzake, aliyezoea kuchanganya maneno hayo, anaanza kujongea mbele. Nyasi zinatikisika mahali ambapo kiongozi anaamini hapana mtu. Hatuhitaji kueleza yanayoweza kufuata.

"Kuotea" nako ni kungoja mawindo, lakini tunashauri lisitumike katika mafunzo, kwa kuwa vijana wengi wanalifahamu kwa maana ya mpira wa miguu.

Kuna jozi nyingine inayogusa sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya Sheria Na. 12 ya mwaka 1974, inamtaka mwindaji awe na leseni. Mwindaji na jangili huenda wakatembea kwa mwendo ule ule, upande ule ule wa demani. Kinachowatenganisha ni haki ya kuwa pale. Kwa hiyo anayeandika mafunzo asitumie "kuwinda" pale anapokusudia kuvinjari au kunyatia tu. Anayehesabu mbawala ananyatia, lakini hawindi.

Muhtasari wa mapendekezo

(a) Kujipimia mwendo: kugawa pumzi, maji na muda kwa kadiri ya ardhi, upepo, na kazi iliyoko mwisho wa safari.

(b) Mwendo wa safari: mwendo thabiti wa kufikia mahali pa kazi.

(c) Kuvinjari: kutembea porini kwa kutafuta alama na habari za wanyama.

(d) Kunyata: kutembea bila kishindo.

(e) Kunyatia: kunyata kumwelekea mnyama aliyekwisha kuonekana.

(f) Kuvizia: kujificha na kungoja pasipo kujongea.

(g) Msito: kusimama kwa muda ili kutazama na kusikiliza.

(h) Upande wa joshi, upande wa demani: upande upepo utokako, na upande upepo uendako.

Hitimisho

Maneno haya mengi si mageni. Yalikuwamo vinywani mwa mabaharia, wakulima na akina mama wapimao unga. Kazi ya mkuza istilahi ni kuyapa mipaka ili mwalimu anapolitaja moja, wanafunzi wote wafanye jambo moja. Bila shaka wako wasomaji, hasa wa Ruvuma na mikoa mingine yenye mapori, wenye maneno bora kuliko haya. Tunawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika. Nasi tutayapokea kama tulivyolipokea lile la yule mzee: tukiwa tumeketi, tukiirudisha pumzi.